Mbegu Zote Kwenye Beseni Moja

Jumamosi, 7 Machi

Iandikwe na ikumbukwe: kuanzia leo mimi ndiye Mkuu wa Kilimo wa nyumba hii. Nimepita kwa kura tatu bila kupingwa. Mbili zilikuwa zangu. Ya tatu niliipiga kwa niaba ya shemeji, mume wa dada, maana alikuwa amesinzia kwenye kochi.

Baridi imeondoka, majira ya kuchipua yameingia. Dada kafungua madirisha yote, kasema uwanja wa nyuma tuulime mboga. Sababu ni Mama. Toka aanguke akaumia nyonga, tukamleta kukaa hapa, ni miezi mitano hajavuka kizingiti. Kiti chake, dirisha lake, basi. Daktari anasema mfupa umepona, kilichobaki ni ukaidi, na asipotembea miguu itasahau kazi. Na Mama kalima maisha yake yote! Akiona kijani atainuka mwenyewe — ndivyo dada anavyoamini.

Hapo shemeji akaamka. Uwanja huohuo anautaka aegeshe pikapu yake, ile anayoitengeneza huu mwaka wa saba. "Profesa," akaniambia, "mwezi ukiisha Mama hajatoka, naingiza gari." Nikamjibu mwezi ni mwingi mno, mimi wiki mbili zinanitosha. Nishaotesha maboga ya kubebwa na watu wanne! (Mmoja alikuwa ameshika tu.)

Jumapili, 8 Machi

Nimelima uwanja mzima peke yangu. Dada alilima kidogo upande wa kushoto, na wa kulia, na kati. Mimi nilisimamia mistari inyooke. Kusimamia kunaumiza mgongo kuliko jembe, watu hawajui tu. Nilivaa glavu za kazini. Mimi ni mkuu wa lango kwenye ghala la rangi — nisipofika, rangi haitoki, nchi inabaki nyeupe.

Mpwa wangu, yule binti anayesomea uuguzi, kanipiga picha nimeegemea jembe.

Dada alikwenda dirishani kumwomba Mama ashauri mbegu. Mama kasema yeye kastaafu, tumuulize bingwa wetu. Bingwa! Kasema kwa kinywa chake!

Jumatatu, 9 Machi

Siri ya kazi. Mbegu haziingii ardhini kavukavu. Zinalowekwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Mama alikuwa akifanya hivyo tukiwa wadogo, nalikumbuka mpaka beseni lenyewe. Mtu mwingine angeloweka karoti leo, vitunguu kesho. Hao ndio wanaochelewa maishani. Mimi nimemimina pakiti sita kwenye beseni moja — karoti, vitunguu, nyanya, spinachi, saladi, bitiruti — nikakoroga. Darasa la sita niliacha shule kwa hiari, walimu walikuwa wamenimalizia yote waliyonayo. Akili kama hii haifundishwi!

Saa kumi na moja jioni. Kumbe mbegu zikilowa zinafanana. Bitiruti nimezitambua, zina mikunjo kama uso wa bosi. Zilizobaki ni uji.

Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri, karibu dakika nzima. Jibu likaja: upawa! Nimechota ule uji kwa upawa wa jikoni, nikaumwaga mstari kwa mstari kama mtu anayegawa supu. Kisha nikachomeka vibao. KAROTI. VITUNGUU. NYANYA. SPINACHI. SALADI. BITIRUTI. Herufi kubwa, rangi ya ghalani. Mbegu haijui kusoma. Anayejua kusoma ni binadamu, na binadamu ndiye mlalamikaji.

Mama kagonga kioo cha dirisha kwa fimbo, mara tatu. Nikampungia mkono. Ananishangilia!

Jumatano, 11 Machi

Dada kauliza upawa uko wapi. Nimesema tuwe macho, siku hizi kuna wezi.

Jumatano, 18 Machi

ZIMEOTA!!

Kijani, kijani tupu, kila mstari! Nimeingia ndani mbio na matope yangu. Dada akapiga kelele kwa ajili ya sakafu, mimi nikapiga kelele kwa ajili ya mboga, mpwa akapiga kelele ili asibaki nyuma. Tumerukaruka jikoni mpaka sufuria likaanguka. Nimempigia bosi simu kumjulisha. Kauliza mimi ni nani. Mtandao mbovu sana siku hizi.

Mama kagonga kioo tena. Mara sita safari hii! Nikainama kama mwimbaji jukwaani.

Jumamosi, 21 Machi

Wiki mbili zimetimia. Mama hajatoka.

Shemeji kaja na futi kupima uwanja, ukuta hadi mlango, huku anapiga mluzi. Nikamweleza wiki ya kilimo ina siku kumi. Akasimama kwenye kibao cha nyanya, akauliza mbona hapa pana majani ya sura nne tofauti. Nikamwambia hiyo ni familia, shemeji, kwani wewe na mimi tunafanana? Kacheka mpaka kaegemea ukuta.

Lakini baadaye nilipita karibu na jikoni. Dada alikuwa anamwambia mumewe taratibu kwamba kama hili halimtoi Mama, yeye hajui tena litakalomtoa. Shemeji hakucheka. Akasema basi, pikapu ingoje kidogo.

Nimekwenda kumwagilia. Nilikuwa nimeshamwagilia mara mbili.

Jumanne, 24 Machi

Naandika mbiombio, chumbani, mlango nimeurudisha.

MAMA KATOKA NJE!

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nang'oa magugu kwenye mstari wa karoti. Kioo kikagongwa. Nikapunga mkono. Kikagongwa kama kinavunjwa. Nikapunga yote miwili. Halafu kimya. Halafu mlango wa jikoni ukafunguka — Mama huyo! Mkono mmoja fimbo, mwingine ukutani, macho yanawaka moto. Hatua moja. Ya pili. Dada nyuma yake kaziba mdomo, mpwa anahesabu kwa sauti kama refa. Hatua kumi na moja!

"Wewe kitindamimba," akaniambia, "wiki mbili nakugongea kioo! Mtu unagombezwa, unapunga mkono? Unang'oa karoti, unabakiza magugu!"

Nikaanza kumweleza kuwa hii ni aina ya milimani.

"Milima gani? Wewe umepanda mlima lini?" Akaangalia mistari, akaniangalia mimi. "Uliloweka zote pamoja."

Nikasema ilikuwa ni majaribio.

"Kila mbegu na kitambaa chake, baba! Kitambaa kimefungwa fundo. Fundo moja karoti, mafundo mawili kitunguu. Umekumbuka beseni, vitambaa umevisahau?"

Kisha akacheka. Mama! Kicheko kile cha kukohoa, sijakisikia toka aanguke. Dada naye akaangua, na shemeji, na mimi nikacheka kuliko wote ili ionekane nilipanga. Mama akasema zinaokoleka. Kila mche uhamishwe kwa wenzake, yeye aonyeshe kwa fimbo, mimi nihamishe. Shemeji akamletea kiti. Kakikataa! Kasema hakai mpaka mstari wa kwanza uishe.

"Vua hayo maglavu," akaniambia. "Mche mchanga unataka vidole. Zamisha mpaka chini, uusikie mzizi."

Nikavua. Nikazamisha. Ndipo nikasema nakuja, nafuata kofia.

Kofia ilikuwa kichwani.

Sasa ananiita. Namsikia mpwa akisema nje: dakika ya kumi na mbili bibi kasimama, daktari aliomba tano tu! Mama anajibu hata ikiwa ishirini atasubiri, mvivu huyo atarudi. Kwa hiyo ukitazama vizuri, kukaa kwangu humu ndani ni matibabu. Kila dakika ninayochelewa, nyonga inapona. Nitamwambia daktari.

Anaita tena. Fimbo imefika dirisha la chumba changu — yaani katembea tena! — na inagonga.

Haya, niseme ukweli, humu tu. Kule chini kulikuwa na nyungunyungu. Mnene, wa baridi, akajizungusha kwenye kidole changu cha shahada. Nina miaka hamsini na mmoja, na minyoo ya udongoni naiogopa mpaka naikimbia.