Binti Anayevusha Watu Mto Mara

Nyamongo, 12 Aprili 1956

Mdogo wangu Nashoni,

Huku mvua ni nyingi, mtama umesimama vizuri. Barua yako ya Musoma imefika. Unataka binti yangu Wegesa aache kuvusha watu Mto Mara, eti hakuna mkwe atakayemtaka msichana wa mtoni. Umesoma magazeti mengi, lakini hoja hiyo ni dhaifu.

Juzi mzee Nyangwine, baba wa mchumba wake, alikuja kuvunja posa. Alikataa kuvushwa na mwanamke, akaingia peke yake, maji yakambeba. Wegesa akamswaga maksai wetu majini, akaogelea nyuma yake ameshika mkia, kama nilivyomfundisha, mpaka wakamfikia mzee.

"Baba, shika mkia!"

"Niache, msichana!"

"Basi ufe na heshima zako!"

Mzee akaushika kwa mikono miwili. Maksai akawavuta wote hadi ukingoni. Pale mzee akaomba maji ya kunywa. Wegesa akamuuliza, "Hayo ya mtoni hayakutosha?"

Nilicheka mpaka kifua kikanibana. Kinanibana siku hizi, Nashoni. Tangu masika yaanze sijaingia majini, na mama yetu hajui.

Nyangwine hakuvunja posa. Alisema tu kwamba binti akiolewa auache mto. Nikamjibu kuwa watu wa pande zote mbili wanamhitaji, hivyo mwanawe ndiye ahamie huku. Bado anafikiri.

Ukija likizo, atakuvusha Wegesa. Heshima zako ziache ng'ambo, ushike mkia.

Kaka yako,
Method