Spoki za Zainabu na Mbuzi wa Mtani

Dada Editha,

Nimeketi kwenye stuli yako hapa kibandani Majengo, mbele ya ule uma wa baiskeli ulioupigilia mezani ili kuzungushia magurudumu, nami ninakuandikia kwa Kiswahili sanifu kadiri ya uwezo wangu. Najua ungesema nini. "Msomi anaandika barua kama anaomba kazi benki." Niruhusu. Taarifa niliyo nayo ni mbaya, na nisipoivalisha nguo safi sitaweza kuitoa nje.

Spoki za Zainabu zimeliwa.

Nitaeleza kwa utaratibu. Siku ya kuanua tanga lako, baada ya misa, nilisimama mbele ya ndugu, majirani na wateja wako kusoma wasifu wako. Nilikuwa nimeuandaa kwa uangalifu mkubwa. Nilieleza jinsi ulivyorithi kibanda cha baba huku mafundi wenzako wakikuuliza mume wako yuko wapi. Jinsi ulivyoviringisha kila spoki juu ya kioo kuona kama imepinda, ukaipitisha katikati ya vidole, kisha ukaigonga kwenye jiliwa la kubania vyuma na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani. Watu walitikisa vichwa. Nilijisikia vizuri, Dada, vizuri sana. Wakati huohuo, nyuma ya migongo yetu, mtani wetu Masanja alikuwa akigeuza nyama.

Unamfahamu. Msukuma yule hakupumzika tangu mazishi. Alilala ndani ya kaburi lako kabla hujashushwa, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alivaa gauni lako la kanisani, akamwendea shangazi: "Nyie Wangoni, machozi hayo mmeazima wapi? Marehemu mwenyewe alikuwa anawatukana wote." Shangazi alicheka hadi akakaa chini, na hapo ndipo alipolia vizuri kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya barabara. Siku ya tanga akadai mbuzi, akamchinja mwenyewe, akakosa vijiti vya kuchomea. Akaingia kibandani, akapapasa juu ya kenchi za paa, akakuta kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kitenge.

Nilikula mishikaki kama watu wengine. Nyama ilikuwa tamu. Nilikuwa karibu kuomba nyongeza pale vidole vyangu vilipohisi chuma kilichobaki mkononi: kinene mwanzoni, chembamba katikati, kinene tena mwishoni. Hakuna duka la Songea linalouza spoki kama ile. Ulizichomoa mojamoja kutoka kwenye mabaki ya baiskeli za kigeni, kwa wauza vyuma chakavu wa njia ya Namtumbo, kwa sababu spoki za kawaida zilimkatikia Zainabu kila msimu wa korosho. Baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya walemavu inayoendeshwa kwa mikono, haiinami kwenye kona. Mchanga wa kwao Nakapanya na magunia husukuma gurudumu kwa ubavu, na spoki isiyonyumbuka hukatika shingoni. Ile yenye kiuno hunyumbuka, kisha hurudi. Masanja alizinoa kwenye jiwe ncha zenye hesi za kushikia nati, na moto wa mkaa ukamalizia kazi. Niliikunja moja. Ikakunjika kama waya wa kufungia mchicha, ikabaki hivyo.

Kulalamika ilikuwa mwiko. Anayemkasirikia mtani msibani ameuaibisha ukoo wake wote. Hilo hata chuo kikuu hakikunisahaulisha. Nilitabasamu, nikamshukuru kwa nyama.

Zainabu alikuja baada ya hapo, bila habari ya msiba. Magurudumu yake ya nyuma ulibaki nayo wewe tangu masika, naye tangu masika amekuwa akikaa ndani akisubiri. Kondakta alimbeba mgongoni kumteremsha, fremu ikashushwa kutoka juu ya basi, kisha yeye na fremu wakaletwa hapa kwa bajaji. Aliposikia umefariki alisoma dua, akajifuta uso kwa mtandio, akauliza kama magurudumu yake yako tayari. Nilijibu kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Nilizungumzia mila, mazingira na bahati mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, kaka, miguu yangu mmeila."

Nikaanza kupanga spana mezani.

"Chumvi ilikolea, lakini?"

Akacheka, na katika kicheko kile hapakuwa na chembe ya kunihurumia. Kisha akasema korosho zimeanza kuanguka, wenzake wanaokota kwa miguu, yeye ataokota kwa tumbo kama mjusi. Alilisema taratibu, kama anayetaja bei sokoni.

Nilitafuta, Dada. Nilipita maduka yote, nikaenda hadi kwa wale wa vyuma chakavu. Spoki za aina ile zilikuwapo mahali pamoja tu mjini hapa, na nilipajua tangu mwanzo, ila nilikuwa napakwepa. Zilikuwa kwenye baiskeli ya Masanja. Magurudumu yale uliyasuka wewe ili kumnyamazisha, aache kusema mwanamke hawezi kazi hii. Ndiyo ya mwisho uliyoyasuka kabla mikono haijavimba kwa ugonjwa. Anayapangusa kila Jumapili na hajawahi kumwazima mtu.

Nilikwenda asubuhi, wakwe zake wakiwa uani. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa utani haufuti umri. Kisha nikaipindua baiskeli yake, nikafungua magurudumu yote mawili mbele ya macho yake, nikayavaa mabegani. Akainuka nusu. Niliiona hasira ikipanda mpaka kwenye masikio na kukosa pa kutokea. Mtani akichukua, amechukua. Alicheka kama mtu anayeng'olewa jino.

"We Mngoni, utanirudishia lini?"

"Siku ya msiba wako. Nitakuja kukuchomea mishikaki."

Wakwe zake walipiga makofi. Yeye alibaki ameishikilia fremu, kama mtu aliyemshika ng'ombe asiye na miguu.

Maumivu yalikuja baadaye, hapa kibandani. Ili Zainabu apate spoki, ilinibidi nilegeze kila nati uliyoikaza wewe. Kila moja ilitoa mlio mfupi kabla ya kuachia. Nilipomaliza, kazi yako ya mwisho ilikuwa lundo la vyuma juu ya gazeti. Zainabu alikuwa ameketi pembeni akitazama.

"Usizililie hizo," alisema. "Zitashika kutu."

Nikasuka, nikabomoa, nikasuka tena. Gurudumu la kulia linayumba kidogo, na nilimwambia. Alilizungusha mara kadhaa. "Marehemu asingelitoa hili," akasema. Nikakubali kwamba usingelitoa. Akapanda, akashika pedali za mikono, akaelekea stendi bila kugeuka wala kushukuru.

Lala salama, Dada. Ninakuahidi kwamba kila msimu wa korosho unapokaribia nitakwenda Nakapanya kukaza spoki zile, hata kama Zainabu hatanikaribisha chai. Na Masanja nitamsukia magurudumu mengine, siku nitakapopata spoki zenye kiuno. Leo amepita hapa mbele kwa miguu, jua likiwaka, akielekea mashineni na gunia la mahindi kichwani. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote.

Sina haraka.

Mdogo wako,
Gaudensi