Baiskeli Nimeondoka Nayo

Baba Kabula,

Baiskeli yako usiitafute, nimeondoka nayo. Uji uko kwenye chupa, maharage yamebaki kutiwa chumvi. Kabula akitoka shule ale viazi kwanza, ndipo akacheze.

Asubuhi ulipokwenda kwenye mazoezi ya mashindano ya baiskeli ya Mbeya ulisahau maji. Nikaazima baiskeli ya jirani yetu Mwanaisha, nikakufuata. Nikakukuta pale Mpemba umekaa nyuma ya pikapu, baiskeli umeilaza juu ya magunia ya mahindi. Ukaniambia, “Mnyororo umekatika, mama.” Mnyororo niliuona, mzima kabisa. Kwa heshima ya dereva nikakupa maji yako, nikageuza baiskeli. Ila kumwambia Mwanaisha kwamba umefika Vwawa na kurudi, hapo umezidisha. Sasa hivi unakoroma, na majirani wanakuonea huruma kwa uchovu.

Wakati narudi, Twaibu anayewafundisha alinisimamisha. “Shemeji, pumzi hiyo umeitoa wapi?” Nikamjibu kwamba kwetu Shinyanga nilikuwa napeleka pamba kwa baiskeli, na mdogo wangu juu ya mzigo. Akasema wanawake nao wana mbio zao siku hiyohiyo ya mashindano yenu, na leo ndiyo mwisho wa kujiandikisha.

~~Naomba ruhusa yako mume wangu.~~

Nimekwenda kujiandikisha. Ulisema mshindani hapikiwi dagaa, anakula mayai. Yaliyobaki kabatini usiyaguse. Dagaa wako kwenye bakuli la bluu.

Mkeo,
Mama Kabula