Mzigo wa Kuni na Mtihani wa Mekanika

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Gitothua, Ruiru

Mifano ya mekanika tena tangu chai ya asubuhi. Nasoma kwa sauti, nafunga kitabu, nakariri. Boriti, uzito katikati, gawanya kwa mbili. Naijua kama katekisimu. Mtihani uliopita niliijua hivyo hivyo na nikaanguka. Walibadilisha boriti ikawa ngazi iliyoegemea ukuta. Nikabaki kuitazama hiyo ngazi mpaka wakakusanya karatasi.

Mwezi ujao narudia. Nikianguka tena chuo kinanitoa. Hakuna nafasi ya tatu kwa watu wa uhandisi. Naogopa, wacha niseme tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nafikiria maneno ya Owino, yule aliye mwaka mmoja mbele yangu. Siku ya kufunga chuo aliniambia niache kukariri. Chora kitu chenyewe, weka mshale kila mahali kinaposukumwa au kuvutwa, ndipo uguse hesabu. Na usipoelewa, uliza.

Kuuliza! Shule ya misheni nilikosomea, ukiuliza ni kama umemwambia mwalimu hajui kufundisha. Unaambiwa keti, na darasa lote linakucheka. Nimefika chuo kwa kunyamaza vizuri. Sasa naambiwa hilo ndilo kosa.

Nimechora boriti moja safi kabisa. Mishale sijui niweke wapi. Nikakasirika nikaenda kutazama mashine ya kumenya kahawa pale shambani. Maji yanaingia juu, maganda yanatoka huku, mbegu kule. Ni nini huvitenganisha? Nilichungulia mpaka nyapara akanifukuza.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepata pasi ya kutoka kijijini, nikaenda Thika kwa treni kumwona Juma. Yeye pia anarudia mekanika. Ni mtoto wa fundi cherehani, Mwislamu, ana adabu kuliko sisi wote darasani. Mama yake alitupa chai na mahamri, akaniita mwanangu.

Tulisoma mchana kutwa. Yaani tulikariri wawili badala ya mmoja. Tukakwama kwenye ngazi ile ile.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nimejiaibisha na sijuti hata kidogo.

Mama alirudi na kuni jioni. Mzigo mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, mukwa wenyewe, kama wanawake wote hapa. Nimemwona hivyo maisha yangu yote. Leo nikajiuliza: mbona ameinama? Mzigo unamkunja, au anainama kwa kupenda? Na mkanda unavuta kichwa kwenda wapi?

Nikamuuliza. Akasema ukibeba kuni unainama, kwani mimi nilitaka abebe vipi. Akaingia jikoni.

Basi nikauvaa mukwa mimi. Mwanamume! Hapo uani, jua bado halijazama. Nikainuka wima kama askari kwenye gwaride, kwa sababu mwanamume hainami. Aiya! Nilienda chali na kuni zote, miguu juu. Mama Wambui wa jirani alipiga kelele watu wakaja. Wengine walidhani nimeanguka kifafa. Mmoja akasema ni vitabu, akili imeruka. Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanikasirikia: watasema hana binti wa kumsaidia mpaka kijana wake anavaa mukwa.

Nikajaribu tena, mbele ya wote. Safari hii niliinama. Mzigo ukatulia juu ya nyayo zangu. Kumbe ndivyo! Nikisimama wima uzito unaangukia nyuma ya visigino, na hakuna kitu cha kuurudisha. Nikiinama nauleta juu ya miguu. Nilihisi mishale kwenye shingo, kwenye mgongo, kwenye nyayo. Shingo bado inauma.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemchora mama na mzigo wake. Mshale wa uzito unashuka, wa mkanda unaenda nyuma, wa ardhi unapanda. Halafu ngazi. Imetoka! Bila mfano wowote.

Mama hanisemeshi bado. Nimemchotea maji, jambo ambalo limeongeza uvumi.

Jumamosi, 24 Agosti

Thika tena. Nimemweleza Juma yote, hata kuanguka. Alicheka mpaka machozi. Nikamchorea ngazi, nikamweleza mshale mmoja mmoja. Kila mara anasema, "Nimekupata, ndugu yangu." Nikamwambia basi achore mwenyewe. Akasema atachora baadaye, asinichoshe mimi mgeni wake.

Penseli yake haikuguswa. Sikupenda hilo.

Jumatatu, 2 Septemba

Mtihani. Hakuna boriti, hakuna ngazi. Winchi ya kunyanyulia mawe: weka uzito gani nyuma ili isipinduke? Nikaisoma mara mbili. Halafu nikaona ni mtu aliyebeba mbele badala ya nyuma. Nikachora mishale kwanza. Kisha nikagusa hesabu.

Nilitupa jicho kwa Juma. Alikuwa anaandika upesi upesi, mfano wa boriti. Niliuona kwa umbo lake tu.

Ijumaa, 13 Septemba

Majina ya waliofaulu yamebandikwa chuoni. Langu lipo. La Juma halipo. Alilitafuta toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu. Akanipongeza kwa mikono miwili. Tulirudi kwa treni moja. Niliposhuka Ruiru alinipungia mkono dirishani.

Mama amechinja kuku. Nimekula, lakini furaha imekuja nusu.

Jumapili, 15 Septemba

Nilitamani kutokwenda Thika. Nikaenda.

Juma anaanza kazi kesho, karani kwenye kiwanda cha ngozi. Nilikuwa nimejipangia maneno ya pole. Hakuyataka. Alikuwa ameichora ile winchi kwenye karatasi ya kufungia sukari, akanisukumia penseli. Nikamuuliza ya nini tena sasa. Akasema anataka kujua tu.

Nikaanza. Safari hii hakusema amenipata. Alinikatiza. Huu mshale umetoka wapi? Rudia. Kwa nini huku na si kule? Rudia tena. Akakosea, akafuta, akakosea. Mchana hesabu ikatoka, yote, kwa mkono wake. Sijawahi kumwona hivyo. Hakuna mtu tena wa kumpa alama, na sasa anauliza bila haya.

Halafu akaweka kidole chini ya winchi, kwenye mshale wa ardhi. Akasema tukiongeza jiwe, ardhi inasukuma zaidi. Tukitoa, inapunguza. Ardhi inajuaje isukume kiasi gani?

Nimefaulu na sijawahi kujiuliza hilo.

Nikachora alama ya kuuliza kando ya ule mshale. Mama yake akaleta chai, tukainywa.