Taulo la Raundi ya Saba

Kwa hiyo si kweli, Mama, kwamba mkweo amekonda. Hilo ndilo nililokuwa namalizia kukuambia juzi simu ilipokatika, nikaona heri nikae chini na kalamu, maana kuna mambo ambayo simu haiyabebi. Shikamoo sana. Goti linasemaje siku hizi? Na wadogo zangu, wameshaacha kugombania kitanda changu? Huku sisi ni wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Jirani anasema nimeng'aa kama sufuria jipya, nami sikatai.

Mama, kuolewa ni kutamu! Najua utaguna na kusema tungoje mwaka upite. Lakini ungemwona asubuhi! Mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala, ambaye ulingoni wanamwita Kisiki kwa sababu anayemvaa ndiye anayeumia, anatembea kwa ncha za vidole asiniamshe, halafu anaangusha birika. Chumba chetu ni kimoja na dirisha ni moja. Nguo tunaanika humohumo ndani, bukta zake za ngumi kando ya gauni zangu, nami nikipita huzigusa tu bila sababu. Usinicheke.

Umeniuliza mara mbili kwa nini Baba amerudi nyumbani ghafla, kwa nini haendi tena klabu kufundisha, na kwa nini akisikia ngumi redioni anainuka na kuizima. Nitakujibu. Ila niache nianze mwanzo, nisije nikakimbilia mwisho na kuuharibu.

Siku ya kumi na moja baada ya harusi yetu, promota alipiga simu. Bondia mmoja ng'ambo alikuwa amevunjika mkono, wakataka mtu wa kuziba pengo, raundi nane, baada ya wiki mbili. Baba husema sisi wa nchi ndogo ndivyo tunavyoitwa: wanatukumbuka wakiwa na kijana wao anayetaka kupigiwa makofi. Kabla ya Kisiki, mabondia sita wa klabu yetu walikwenda kule na wote sita wakaandikwa wameshindwa. Wawili walitolewa kwa machela. Mmoja alimpiga mwenyeji mpaka watazamaji wa kulekule wakawazomea majaji, na bado akaandikwa ameshindwa. Ndiyo maana Baba alitufundisha sote kanuni moja: kule hakuna kushinda kwa pointi. Usipomlaza mtu, umeshindwa. Niliishika kanuni hiyo, Mama, kama nilivyoshika hesabu za shule.

Msaidizi wa Baba alinyimwa viza, na kwenye kona palihitajika watu wawili. Kisiki akasema kwa mzaha kwamba basi niende mimi, wenzetu fungate lao huwa hotelini, letu litakuwa kwenye kona ya ulingo. Baba hakucheka. Alinitazama mikono akasema haitetemeki. Akanifundisha siku tisa: kubana jeraha kwa pamba huku nahesabu, kupaka mafuta mazito juu ya nyusi, kuvuta mkanda wa bukta bondia apate kupumua, kushika ndoo ya kutemea. Taulo akasema halinihusu. Taulo ni la mkuu wa kona, linakaa begani kwake, na likirushwa ulingoni pambano limekwisha.

Siku ya kupima uzito, yule mwenyeji, kijana mrefu ambaye hajawahi kushindwa, alijipitisha kidole shingoni kumwonyesha mume wangu atakavyomchinja. Kisiki akamwomba mkalimani amuulize kama koo linamuuma, maana maji ya moto yenye chumvi husaidia. Nilicheka mpaka nikaona haya. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi!

Halafu pambano likaanza, Mama, na sikucheka tena.

Raundi mbili za kwanza yule kijana alimchapa usoni kutoka mbali, pa, pa, pa, kama mtu anayepigilia misumari. Ya tatu Kisiki aliingia ndani na kumpa ngumi ya kushoto chini ya mbavu, nikasikia hewa ikimtoka yule kijana kama gurudumu lililopasuka. Akatapikia kwenye ndoo ya kona yake. Raundi ya nne waligongana vichwa na nyusi ya mume wangu ikafunguka kama mdomo. Niliibana kwa pamba nikihesabu, damu ikapita katikati ya vidole vyangu, ikashuka mpaka kwenye kiwiko, pete yangu ikawa inateleza. Ya tano akamwangusha yule mrefu kwa mkono wa kulia. Jino lilirukia meza ya waandishi. Akaamka, Mama! Watu wale wanaamka! Ya sita hawakukwepa tena. Walisimama wakapigana kama watu wawili wanaobomoa ukuta mmoja kutoka pande mbili. Mume wangu aliporudi kuketi, meno yakiwa mekundu, akaniambia nimependeza. Nami mikono ilikuwa inatetemeka sasa, nikamwaga maji kwenye kona. Baba akavua taulo begani akayafuta mtu asiteleze, na kwa kuwa kengele ilikuwa inalia na mikono yake inatoa kiti, akanitupia mimi nilishike.

Raundi ya saba yule kijana alimpata kwenye panja. Nilimwona Kisiki wangu miguu ikisahauliana. Akaegemea kamba upande wetu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatazama kitu. Nilihesabu kama nilivyofundishwa, ngumi kumi na moja bila yeye kurudisha hata moja, na kila moja kichwa kilikwenda nyuma na kurudi kama cha mwanasesere. Damu ikaanza kutoka sikioni. Refa alikuwa anatazama na hasimamishi. Baba alikuwa anampigia kelele mume wangu ainue mikono, ainue mikono tu. Hapo taulo likaingia ulingoni, refa akamkumbatia Kisiki, na ukumbi mzima ukalipuka kwa furaha.

Ofisa wa pambano alikuja kuuliza nani amerusha. Baba akainua mkono.

Kisha zikaletwa karatasi za majaji, maana huko husomwa hata pambano likiisha hivyo. Mkalimani alizisoma mara mbili kwa sababu yeye mwenyewe hakuamini. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamemweka Kisiki mbele. Wale watu wa kule, Mama, waliandika ukweli! Zilikuwa zimebaki dakika moja na sekunde ishirini za raundi ile, na raundi moja zaidi. Angesimama tu mpaka mwisho, angekuwa wa kwanza wetu kushinda kule kwa pointi.

Chumbani mwa kubadilishia nguo, jicho moja limefumba kama limeshonwa, mume wangu alimkamata Baba ukosi, baba yangu mzazi, mkwewe, akambamiza kwenye makabati ya chuma. Akamuuliza wamempa kiasi gani. Akamwita mzee msaliti. Kile kidonda cha kisogoni ambacho Baba alikuambia ni mlango wa gari, Mama, si mlango wa gari.  Baba alinitazama mimi juu ya bega la Kisiki, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anavyofanya akitaka mtoto asiseme mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo.

Tuliporudi, habari ilikuwa imetutangulia klabuni. Watu ambao Baba aliwafundisha kufunga kamba za viatu walimpigia miluzi mlangoni. Mmoja akamuuliza, mzee, taulo bei gani, na yeye anataka moja. Baba akachukua begi lake akaja kwako.

Sasa nakwambia, na naomba uketi. Si Baba aliyerusha lile taulo. Ni mimi. Sikumuuliza mtu. Niliona macho ya mume wangu hayapo, nikakumbuka kanuni ya Baba kwamba kule hakuna ushindi wa pointi, nikaona hakuna ninachomnyang'anya isipokuwa kipigo. Nilikosea, kilikuwepo. Na nilinyamaza wiki tatu kwa sababu nilikuwa mke wa mwezi mmoja na nilitaka kufika miezi miwili. Kila asubuhi mume wangu alinikumbatia na kunishukuru kwamba mimi peke yangu pale kona nilikuwa upande wake, nami nilimwacha anishukuru, baba yangu akiitwa mwizi.

Jana tulikwenda zahanati akatolewa nyuzi za ile nyusi. Tukiwa kwenye benchi la nje nikamwambia yote, kwa sauti, nisije nikaishia nusu. Alisimama akaupiga ukuta ngumi moja mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Nesi akatoka akasema kama ni mgonjwa mpya aandikishwe upya. Hakuna aliyecheka. Akaniuliza kama niliiona saa ya raundi wakati narusha, nikasema niliiona. Akaniuliza, je, ningejua kwamba yuko mbele? Nikamwambia ningelia zaidi, lakini ningelirusha. Alitembea hatua kumi mbele yangu njia nzima, ila penye kuvuka barabara akasimama mpaka nikafika.

Mpaka sasa ananijibu ndiyo na hapana tu. Zaidi ya hapo, kuhusu mimi amesema hajui, na hataki kujua kabla hajamaliza la kwanza. La kwanza ni Baba. Leo amekwenda klabu na mkono umevimba, akawasimamisha wote mazoezini, akawaambia nani alirusha taulo na nani alibeba lawama. Aliyerudi kunisimulia ni jirani, si yeye. Kisiki aliwaambia kwamba mdomo uliomtukana mkwe ndio utakaokwenda kumwomba radhi, tena mbele yako, na asiposamehewa ataona ni haki yake.

Mama, bado nampenda mpaka naona aibu. Na sijui kama nitakaa huku au nitarudishwa kwenye kile kitanda wanachogombania. Ukimaliza kusoma, mpe Baba aisome mwenyewe. Mwambie nimesema, na kwamba hakunituma mtu. Wasalimie wadogo zangu, na ulipake goti dawa hata kama limetulia.

Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha, sisi wawili. Na akibadili nia njiani, nitakuja mimi.

Ni mimi bintiyo,
mke wa Kisiki