Mbao za baraza ya tonton Marcellin

Yolande, maman amenielezea kitu sasa hivi.

Wakati ya Zaïre, tonton Marcellin alibomoa baraza yake ya mbao kule Muhumba. Fundi alimukataza: "Papa, nusu zimeoza. Kungoa misumari yote hii ni kazi ya bure, ununue tu mupya."

Akakataa. Akangoa yeye peke yake. Ubao moja ikavunjika, akaanguka chini.

Akapiga kelele: "Cibalonza! Cibalonza, kuya unisaidie!"

Yolande, ile ni jina ya bibi yake, mke wake! Mutu mwenye alisha kufa, mwenye walikuwa wanaikaa naye kwenye ile baraza!

Maman alikuwa jirani, akasikia, akakimbia kumuinua.

Mbao nzima zilitosha tu banc moja ya kukalia. Maman akamuuliza: "Mateso yote hii juu ya banc moja?"

Akajibu: "Iko ya watu wawili."

Maman alishindwa kukaa pembeni yake.