Furaha Amefika Kilo Saba

Ndiyo, Mama Furaha, anakula. Hata mimi niliwaza njaa njo shida. Tangu tukuzike, mutoto anavuta chupa kidogo, jasho inamutoka mu kichwa kama mwenye kulima, kisha analala na chupa mu kinywa. Ameshapita mwaka na nguo za miezi mitano zinamutosha. Bamama ba hapa kambini Nakivale banasema ni mimi nakunywa maziwa yake. Nilionja mara moja tu.

Dogteri wa Mbarara alinieleza: moyo wake iko na tundu, inafanya kazi kama mutu anapanda mulima siku nzima, chakula yote inaishia pale. Nimupe kidogo kidogo, mara mingi, uji na maziwa, karanga na mafuta. Akifika kilo saba, batamupeleka Kampala kumupasua.

Sasa wewe unanijua. Miaka yote napima maharagi ku soko ya Kaberebere, kilo saba itanishinda? Nilificha mabuye ine ya redio, zile betri kubwa, mu nepi. Nesi akamuinua amuweke ku mizani, zikagongana.

"Muzee, hii mutoto nakula redio?"

Batu ba foleni bakacheka, na mimi nikacheka nabo. Dogteri hakucheka. Akasema polepole: "Dawa yake tunapima na kilo. Wewe ukiongeza uongo, sisi tunaongeza dawa. Unataka tumuue?"

Nilikaa chini pale pale, na mabuye mu mukono.

Tangu ile siku nimekuwa mama. Namubeba mu mugongo sokoni: nauza, namulisha, nauza, namulisha. Bateja banauliza, "Baba, na wewe unanyonyesha?" Nabajibu bangoje zamu yabo. Na Jumanne hii, bila nguo hata moja, kilo saba na kidogo. Nilimuomba nesi apime tena. Mimi na mizani tunajuana, siiamini.

Njo maana nakuandikia. Banamupasua mwezi unaokuja. Dogteri anasema batoto mingi banarudi. Hakusema bote.

Sasa tupatane. Siku ile ukimuona anakuja kwako, najua utataka kumushika, hata kidogo tu. Usimushike. Mugombeze, murudishe mbio. Mimi nitamulisha miaka mingi, nitakuletea mumama muzima, munene, mwenye kutembea polepole na bajukuu nyuma. Hapo umushike vile unataka. Unakubali?

Bwana yako, Baba Furaha